Umri Ulioandikwa Bomani

Fomu ya tangazo la ndoa inataka mambo mengi kwa mkupuo: majina ya wanaooana, umri wao, wanakoishi, wazazi wao ni nani, kama wana undugu unaozuia ndoa, kama mwanamke ni mjane au aliachika, na kama ndoa itakuwa ya mke mmoja au mume amejiachia nafasi ya kuongeza. Lipo na sharti jingine. Bibi harusi akionekana hajatimiza miaka 18, lazima aandikwe baba yake au mtu mwingine ambaye ridhaa yake inatakiwa.

Nilizishika fomu hizo maisha yangu yote ya kazi. Niliajiriwa ukarani wa masijala bomani, katika wilaya moja ya Mkoa wa Tanga, nikiwa nimemaliza kidato cha nne na kozi ya kupiga chapa, na nikastaafu mwaka 2023. Tangazo likija nililiingiza daftarini, nikalibandika ubaoni likae siku zake 21 ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha nikalibandua na kulifungia faili. Waliofunga ndoa bomani penyewe hawakuwa wengi: watu wa dini mbili tofauti, waliokosana na wachungaji wao, wenye haraka ya safari. Lakini ndoa za misikitini na makanisani nazo nakala zake zililetwa kwetu, kwa hiyo umri wa mabibi harusi wa wilaya ile niliujua kuliko nilivyojua umri wa wajomba zangu.

Tangu nistaafu, watu hawaishi kuniuliza. "Mama, wewe umekaa bomani, hebu tuambie, mabinti wa siku hizi mbona hawaolewi?" Wakishauliza wanajijibu wenyewe: usomi, kiburi, simu, vijana hawana kazi, wazazi wamepandisha mahari. Bwana mmoja kwenye hitma alinieleza kwa kirefu kwamba haya yote yameletwa na haki sawa. Nilimwacha amalize pilau yake.

Kwanza niseme hivi: miaka niliyoanza kazi, umri ulikuwa haujulikani, ulikuwa unakubaliwa. Baba aliingia amevaa kanzu safi, nyuma yake mposaji na shahidi wake, nyuma kabisa binti amejitanda khanga hadi nyusi. Ukiuliza, "Ana miaka mingapi?" unajibiwa, "Huyu alizaliwa mwaka tuliohamishiwa vijijini." Nami nahesabu, Operesheni Vijiji ilikuwa 1974, nachukua peni. Mwingine alizaliwa Amin alipovamia, yaani mwishoni mwa 1978. Mwingine alimfuata kaka yake ambaye alizaliwa mwaka wa Azimio, "kwa kuachana mimba mbili, moja iliharibika." Wakristo walikuwa na ahueni ya kadi ya ubatizo. Kadi za kliniki nyingi zilikuwa zimeliwa na mchwa. Sheria yenyewe inazungumza juu ya umri unaoonekana, na mkuu wangu wa kazi, aliyekuwa msajili wa ndoa, aliinua miwani, akamtazama binti mara moja, akarudisha miwani. Hapo umri umeshapatikana.

Baadhi ya akina baba walisema, "Andika kumi na minane," kabla hata sijauliza. Hawakuwa wanakwepa jela. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu mwanamume kuoa akiwa na miaka 18 na mwanamke kuolewa akiwa na 15 mradi mzazi ameridhia, na mahakama ikiona sababu iliweza kuruhusu hata wa 14. Walisema 18 kwa sababu walikwishasikia kuwa ndiyo inayomaliza maswali.

Vijana wanaoisoma sheria ile leo wanaishangaa, na wana haki. Lakini ilipotungwa, baada ya Waraka wa Serikali wa mwaka 1969 kujadiliwa nchi nzima, ilikuwa inakusanya chini ya paa moja ndoa za kimila, za Kiislamu, za Kikristo na za Kihindu, ambazo kila moja ilikuwa na utaratibu wake, na kwa wengine hapakuwa na umri wowote uliotajwa. Iliweka pia jambo ambalo wazee wengi hawakulipenda: ndoa haiwi ndoa mpaka wote wawili wameridhia kwa hiari yao. Jambo hilo mkuu wangu alilishika. Alikuwa na desturi ya kuwatoa wanaume wote barazani, kubaki na binti na mimi niliyekuwa nyuma ya mashine ya chapa, na kuuliza, "Umeridhika mwenyewe?"

Wengi walitazama sakafu. Kwa mila za kwetu, mwali akinyamaza amekubali, kwa hiyo kimya chao kiliandikwa ndiyo. Mmoja tu alijibu kwa swali. Alikuwa na miaka 16 kwa maneno ya baba yake, na kwa macho yangu hata hiyo alikuwa ameazimwa. Alisema, "Nikikataa, baba atapata wapi pesa za kurudisha? Kishika uchumba tumeshakila." Mkuu wangu aliweka kalamu chini. Aliwaita wanaume ndani, akawaambia hafungishi ndoa hiyo, na baba mtu akaondoka ananung'unika kwamba serikali inamharibia mtoto. Mwezi haukuisha tukasikia wameozeshana kijijini kwa mila, bila tangazo wala cheti. Katika faili langu binti yule hakuolewa kamwe.

Ndiyo maana kila nikiona takwimu zinazotokana na vyeti peke yake, namkumbuka.

Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kujua miaka yake, sembuse umri alioolewa nao. Alivunja ungo, akawekwa ndani, akafundwa, akatoka kwenda kwa mume. Kwake ilikuwa safari moja isiyo na vituo. Nilipoanza kupata mshahara nilikuwa namkejeli kidogo, kwa ujuaji wa kijana aliyevaa viatu vya kisigino. Siku moja alinijibu huku anapepeta mchele: "Mjukuu wangu, ningekaa kwa baba yangu nifanye nini? Kulikuwa na shule? Kulikuwa na ofisi? Jembe ni lilelile, la baba au la mume. Kwa mume angalau mavuno yana jina la wanangu."

Katika yote niliyosikia kuhusu umri wa kuolewa, kwenye semina zenye posho na zisizo na posho, sijapata kusikia maelezo mazuri kuliko hayo. Bibi hakuwa anatetea ndoa za utotoni. Alikuwa ananiambia kwamba msichana huolewa pale njia nyingine zinapokwisha, na kwamba kwake ziliisha mapema.

Kwa mama yangu njia ziliendelea kidogo. Alisoma hadi darasa la nne, palipokuwa ndipo mwisho wa shule iliyokuwapo karibu, akakaa nyumbani akishona vitambaa, akaolewa mwaka mmoja baada ya Uhuru. Mwaka 1963 nikazaliwa mimi. Alikadiria alikuwa na miaka 16 au 17. Kizazi changu kikaikuta Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyotangazwa Musoma mwaka 1974 na kuanza kwa nguvu mwaka 1977, na ghafla kila mtoto wa kike yuko darasani hadi la saba. Sasa angalia: watoto wengi wa wakati ule walianza shule wakubwa, miaka minane, tisa, hata kumi. Wakimaliza la saba wana 15, 16, 17. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, wilaya nzima inatoa wasichana wa kuhesabika. Basi shule ikamwachilia msichana katika umri uleule ambao sheria ilikuwa imeshamfungulia mlango. Mzazi anaye binti mkubwa nyumbani, hana shule, hana kazi, jioni vijana wanapiga miluzi nyuma ya choo. Barua ya posa ikija, anamshukuru Mungu. Matangazo yaliyokuja mezani kwangu mwishoni mwa miaka ya 1980 yalikuwa na mabibi harusi wa 17, 18, 19 kwa wingi, na ukisoma sehemu ya kazi imeandikwa "mkulima," ingawa mwaka uliotangulia wengi wao walikuwa wanafunzi.

Mimi niliolewa nina miaka 27. Kwa wakati ule na mahali pale, hilo lilikuwa jambo la kuzungumzwa kisimani. Mama alinyamaza kwenye ngoma za wenzake, kwa sababu kila alipokwenda aliulizwa kuhusu mimi, na walikuwapo wa kumkumbusha kwamba mchagua nazi hupata koroma. Watu walidhani nimekataa wanaume. Ukweli ni kwamba walikuja wawili wa maana na baba akawazungusha mpaka wakachoka. Baba hakuwa mtetezi wa haki za wanawake. Nilikuwa na wadogo watano, na mshahara wangu wa karani ndio uliokuwa unanunua madaftari na sare zao. Alikuwa akiniambia, "Subiri kidogo, huyu amalize," na huyu akimaliza anaanza yule. Sikuwa na kinyongo wakati ule na sina sasa. Ila kila ninaposikia kwamba msichana mwenye kazi anachelewa kuolewa kwa kiburi, huwa najiuliza nyumba ngapi zimejengwa na kiburi hicho.

Mabadiliko makubwa katika mafaili yangu sikuyaona yakija. Yalikuja na matofali. Kuanzia mwaka 2006 hivi kila kata iliambiwa ijenge shule ya sekondari, na tulichangishwa kweli, bomani tulikatwa, vijijini watu walitoa mchanga, kokoto na kuku. Shule zenyewe zilikuwa za kuchekesha na kuliza. Vyumba viwili, hakuna maabara, walimu waliopikwa kwa wiki chache, watu wakawapachika jina la vodafasta. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, wenye magazeti waliandika waliyoandika, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema hizi si shule, ni mahali pa kuwekea watoto.

Lakini kuwekwa huko ndiko kulikofanya kazi. Msichana ambaye angekaa nyumbani na miaka 14 sasa alikuwa na sare, na aliyevaa sare alikuwa bado mtoto machoni pa watu. Mshenga hakujua aanzie wapi. Hata aliyepata sifuri alipata akiwa na miaka 17 au 18, na alikwishaona mji wa kata, ana marafiki, ameshapanga chumba karibu na shule na kujipikia. Ilipofika mwaka 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne, na mwaka huohuo Sheria ya Elimu ikarekebishwa, anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi akawa anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Kwenye madaftari yangu bibi harusi mwenye chini ya miaka 18 akawa adimu, hadi nikimpata naita wenzangu waje watazame fomu.

Takwimu za taifa zinasema kitu kinachofanana na hicho, ila kwa sauti ya chini zaidi. Katika utafiti wa afya wa mwaka 2010, wanawake 37 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa au kuanza kuishi na mwanamume kabla ya kutimiza 18. Utafiti wa 2015–16 ulikuta 31. Wa mwaka 2022 ulikuta 29. Ukizitazama hizo utaona mteremko uliokuwa mkali ukaanza kuwa tambarare. Shinyanga mwaka 2010 walikuwa 59 kati ya 100, na huko ng'ombe wa mahari wana hesabu yao ambayo mimi mtu wa Tanga siwezi kujifanya naijua. Wastani wa nchi ni mchanganyiko wa binti wa Dar es Salaam anayeandika tasnifu na binti wa Usukumani ambaye baba yake anachagua fahali, na hakuna kati yao anayeishi maisha ya wastani.

Kuna na takwimu nyingine ambayo haipendwi kuwekwa karibu na hizo. Wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokwisha kuzaa au waliokuwa wajawazito walikuwa 23 kati ya 100 mwaka 2010, wakapanda hadi 27 katika utafiti wa 2015–16, kabla ya kushuka kuwa 22 mwaka 2022. Yaani kwa kipindi fulani ndoa za mapema zilipungua na mimba za mapema zikaongezeka. Harusi ilisogea mbele, mtoto hakusogea. Bibi yangu angesema ndicho alichokuwa anakiogopa. Mimi nasema msichana aliyezaa kwa baba yake akarudi darasani, kama ilivyoruhusiwa tena tangu Novemba 2021, bado ana nafasi ambayo yule wa kishika uchumba hakuwa nayo. Tunaweza kubishana.

Sasa niseme jambo ambalo halimo katika takwimu hizo na ambalo kwangu ndilo kubwa. Bomani tulikuwa tunatunza vyeti vya ndoa, kwa hiyo mtu akifa, mjane wake anakuja kwetu kuomba nakala, maana Mahakama ya Mwanzo inataka uthibitisho kabla ya kugusa mirathi. Kazi hiyo ilinifundisha kusoma fomu kwa namna nyingine. Nilizoea kutazama umri wa bibi harusi peke yake, kama wanavyofanya watu wa semina. Wajane wakanifundisha kutazama umri wa bwana pia, na kutoa.

Alikuja mama mmoja wa miaka 41, amefunga khanga ya eda. Nilimkumbuka kwa jina la baba yake. Nililibandika tangazo lake mimi mwenyewe: yeye 16, bwana 43, mke wa pili. Alikuwa amezaa watoto saba. Watoto wa mke mkubwa, ambao baadhi yao walikuwa wakubwa kuliko yeye, walikuwa wameshakaa kikao cha ukoo na kumteua msimamizi bila kumwita. Nilipomuuliza mali ni ipi, hakujua shamba la minazi lina ekari ngapi wala hati iko kwa nani. "Nilikuwa nikiuliza naambiwa, wewe mtoto, hayo si yako." Aliambiwa mtoto kwa miaka 25. Aliingia ndoani mtoto, na tofauti ile ya miaka ikambakisha mtoto ndani ya nyumba yake hata alipokuwa na wajukuu wanaotambaa.

Wa namna yake walikuwa wengi, na wengi wao hawakuwa wameolewa na miaka 15 au 16. Wengine walikuwa na 19, hata 20, umri ambao hakuna mwanaharakati atakayeupigia kelele, ila bwana alikuwa na 45. Na nimeona pia walioolewa na miaka 17 na kijana wa 20, wakakua pamoja, wakapigana, wakapatana, wakajenga. Sitetei 17. Nasema tu kwamba mwanamke wa 19 mbele ya mume wa 22 na mwanamke wa 19 mbele ya mume wa 45 wameandikwa umri mmoja kwenye takwimu, na nyumbani hawaishi ndoa moja. Katika utafiti wa 2015–16, nusu ya wanawake waliohojiwa wa miaka 25 hadi 49 walikuwa wameingia kwenye ndoa au kuishi na mwenzi walipofikia takriban miaka 19. Kwa wanaume ilikuwa karibu 24. Miaka mitano si mingi. Ila wastani huo ndani yake yumo mama wa minazi.

Katika miaka yangu ya mwisho kazini pengo hilo lilikuwa linazibika mbele ya macho yangu, hasa kwa wale waliosoma. Wanakuja 29 na 27, 32 na 30. Na wanakuja wao. Hapana baba barazani. Kitambulisho cha Taifa kinawekwa mezani, umri unasomeka, hakuna wa kuniambia habari za Amin. Binti anavuta fomu kwake, anaomba peni, anajaza sehemu zake kisha anajaza na za bwana kwa sababu mwandiko wa bwana ni mbaya. Wakati mwingine anasimama kwenye ile sehemu ya mke mmoja au zaidi, anamtazama mwenzake, anacheka, anaweka alama panapostahili kwa kukandamiza kalamu. Mara mbili tatu nimeona hapo ndipo uchumba unapoanza kujadiliwa upya.

Usidhani wote wanaoandika 30 walikuwa peke yao hadi 30. Nilikuwa nimezoea kuona wachumba wanaingia wamebeba mtoto wa miaka minne. Wameishi pamoja tangu chuo, au tangu machimboni, au tangu alipopanga chumba cha kwanza Tanga mjini. Ukiwauliza kwa nini leo, wanataja bima ya afya, kwamba mwenza haingizwi bila cheti. Au mchungaji amegoma kumbatiza mtoto. Au bwana amepata safari ya nje. Hawakuoana mapema kwa sababu ya gharama: posa, kilemba cha baba, mkaja wa mama, mahari, kicheni pati, sherehe ya kumuaga binti, halafu harusi yenyewe yenye kamati na kadi za michango na ukumbi wa kulipia kwa saa. Kijana anayelipwa mshahara wa kuanzia akipiga hesabu hiyo anaona bora aanze maisha kwanza, harusi itakuja. Sheria inaliona hilo: wakikaa pamoja miaka miwili na jamii ikawajua kama mke na mume, inaweza kudhania ndoa ipo. Ndugu wa marehemu hawadhanii hivyo. Kila niliposhughulikia mjane wa aina hii, asiye na cheti, nilitamani wangekuja bomani na nguo za kawaida wakamaliza, na mpunga wa harusi wakaula siku nyingine.

Huko Dar es Salaam, wakati huo, mwanasheria kijana Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa Msichana Initiative, alikuwa amepeleka vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa mbele ya Mahakama Kuu. Julai 2016 mahakama ilikubaliana naye kwamba vinakwenda kinyume cha Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa akijenga hoja juu ya mila na dini. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Tulisoma habari hizo gazetini, tukajiandaa kupokea fomu mpya. Miaka minne baadaye nikastaafu, vifungu vile vilikuwa bado vimo, na sharti la ridhaa ya baba lilikuwa limekaa palepale nilipolikuta. Kenya walikwishaweka 18 kwa wote tangu Sheria yao ya Ndoa ya mwaka 2014.

Wapo wanaoniambia sheria haina maana, kwamba shule imefanya kazi iliyotakiwa. Shule imefanya zaidi, nakubali. Lakini namfikiria yule aliyeuliza habari ya kishika uchumba. Mkuu wangu alikuwa na kifungu kimoja tu cha kumtetea, cha ridhaa, na ilibidi kwanza binti afumbue kinywa. Kama umri wake peke yake ungetosha kuizuia ndoa ile, asingehitaji kumshtaki baba yake kwa maneno yake mwenyewe, mbele ya watu wawili asiowajua.

Mwaka jana binti wa kaka yangu alileta habari nyumbani. Ana miaka 33, mhasibu Dodoma, na kijana aliyemleta ana 30. Mimi ndiye shangazi, kwa hiyo nilipakizwa basi kwenda kukaa kikao, mkononi nimeshika mkoba na kichwani faili zote za bomani. Baba mkubwa alianza kwa kuuliza mume mdogo kuliko mke atamtawala vipi. Wifi yangu alikuwa na hofu nyingine, ya uzazi, na hiyo sikuibeza, maana ni kweli kwamba kadiri mwanamke anavyopita katikati ya miaka ya thelathini ndivyo kupata mtoto kunavyozidi kuwa kugumu, na wanaoona aibu kuwaambia mabinti ukweli huo hawawatendei haki. Kisha mmoja wa wajomba akasema lile lile: miaka yote hii alikuwa anasubiri nini?

Binti alikuwa amekaa mkekani. Aliomba ruhusa ya kusema, akaipata.

"Mjomba, nilipomaliza chuo nilikuwa na miaka 24. Alikuja mtu, mkamtajia mahari akaomba muda, na hakurudi. Bodi ya Mikopo ilikuwa inanikata kila mwezi. Nikamsomesha huyu," akamwonyesha mdogo wake, "nikamsomesha na yule. Halafu nyumba ikavuja."

Nikamtazama kaka yangu. Kaka yangu akatazama bati, bati jipya la rangi ya damu ya mzee, na hakusema kitu. Nilimwona baba yetu mtupu.

Nilipopewa nafasi nilisema kwamba nimeandika ndoa nyingi, na kwamba miaka mitatu ya huyu kijana isingenifanya niinue hata miwani. Nikaongeza kwamba kama wanataka kufika bomani, tangazo linakaa siku 21, hivyo waanze mapema. Baba mkubwa akakohoa, akatikisa kichwa kwa muda, akaomba maji. Alipokwisha kunywa alikuwa ameshahamia kwenye jambo jingine.

"Haya. Na mahari tutamtajia nani, yeye mwenyewe au wazee wake?"

"Mnitajie mimi kwanza, baba mkubwa," binti akajibu. "Maana zitatoka mfuko mmoja."